Gari Dogo Lenye Mbio na Gharama za Mwaka wa Pili

Wazo la hachibaki yenye mbio ni rahisi. Unachukua gari dogo la familia, lenye viti vitano na mlango wa nyuma unaoinuka pamoja na kioo, unalitia injini yenye nguvu, breki kubwa na shokapu ngumu, kisha unamuuzia mtu ambaye hana uwezo wa kuweka magari mawili nyumbani. Volkswagen walipoionyesha Golf GTI mjini Frankfurt mwezi Septemba 1975, walikusudia kutengeneza magari 5,000 tu. Lilikuwa na injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 110, na uzito wa kilo 810 hivi. Ya kizazi hicho cha kwanza peke yake yaliuzwa zaidi ya 450,000. Leo kwenye yadi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wamo wajukuu wa wazo hilo na washindani wao: Golf GTI na Golf R, Polo GTI, Subaru Impreza WRX STI yenye mlango wa nyuma, Mazdaspeed Axela, Suzuki Swift Sport, na kwa wenye mfuko mzito, Honda Civic Type R na Toyota GR Yaris.

Anayetaka kununua mojawapo huulizwa maswali matatu na kila anayemwomba ushauri: linakimbia kiasi gani, linasumbua kiasi gani, na je, familia itaenea? Maswali hayana ubaya. Ubaya uko kwenye kuyajibu kila moja peke yake, kana kwamba mtu anaingia dukani akapimiwa kilo ya mbio, nusu kilo ya uimara na robo ya nafasi. Kwa gari jipya lenye dhamana ya kiwanda labda inawezekana. Kwa gari lililokwisha kutumika miaka minane Osaka au Birmingham, mambo hayo matatu yanategemeana. Gari la mbio lisilohudumiwa hupoteza mbio kwanza, halafu haliaminiki tena, halafu linahamia gereji, na likiwa gereji halibebi mtu. Ndiyo maana naona uchaguzi uanzie upande wa pili: nani atalitengeneza na spea zitatoka wapi, litapita barabara gani na litabeba nani, mbio zije mwisho.

Sisemi hivyo kwa kuzidharau mbio. Barabara zetu kuu nyingi ni njia mbili tu, kwenda na kurudi, na zimejaa malori yenye trela. Tufanye hesabu. Lori linakwenda kilomita 60 kwa saa, nawe uko nyuma yake kwa mwendo huohuo. Ili ulipite na kurudi upande wako kwa usalama unahitaji kulizidi kwa mita 60 hivi, ukihesabu urefu wake na nafasi ya mbele na nyuma. Gari dogo la kawaida la lita 1.3, lenye abiria wanne na mizigo, linavuta taratibu; tuseme wastani wake wakati wa kupita ni kilomita 75. Itachukua sekunde 14. Hachibaki yenye turbo inayofikia wastani wa kilomita 90 itachukua sekunde 7. Kama kuna gari linakuja mbele kwa kilomita 80, yule wa kwanza anahitaji barabara iliyo wazi zaidi ya mita 600. Wa pili anahitaji kama mita 340. Tofauti hiyo ina maana kuliko mwendo wa juu kabisa ulioandikwa kwenye vitabu vya gari, ambao hapa huwezi kuutumia. Vijijini kuna vibao vya 50, kuna trafiki wenye tochi, na kati ya kibao na kibao kuna matuta.

Kwa hiyo nguvu za farasi pekee zinapotosha. Cha kuangalia ni msukumo wa injini kwenye mizunguko ya chini na ya kati, pale dereva anapokuwa nyuma ya lori. Golf GTI ya kizazi cha saba ina Nm 350 kuanzia mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Swift Sport ya kizazi kilichotoka 2017, inayojulikana kwa namba ZC33S, ina injini ya turbo ya lita 1.4 yenye nguvu za farasi 140 na Nm 230, na inazipata kwenye mizunguko 2,500. Ndugu yake aliyetangulia, ZC32S, ana lita 1.6 bila turbo na nguvu za farasi 136, karibu sawa kwenye karatasi, lakini Nm 160 zake ziko mizunguko 4,400. Yule wa zamani unamtafuta kwa kushusha gia na kuipigisha injini kelele. Huyu mpya unakanyaga tu.

Uzito nao usisahauliwe. ZC33S ina kilo 970 tu, maana yake kila nguvu moja ya farasi inabeba kilo 7 pungufu kidogo. GTI ya 1976 ilibeba zaidi ya kilo 7. Golf ya kizazi cha saba, pamoja na nguvu zake 220, inabeba kilo 6 na kitu, kwa sababu yenyewe ina karibu kilo 1,400. Gari jepesi linakula breki, tairi na bushi polepole, na hizo ndizo gharama zinazokuja kila mwaka.

Sasa tuingie kwenye uimara, na nitakaa zaidi kwa Volkswagen, kwa kuwa ndizo nyingi na ndizo zinazozua ubishi. Wapo wanaoapa kwamba gari la Kijerumani ni shimo la pesa, na wapo wanaosema hayo ni maneno ya waoga. Wote wanaizungumzia Golf kama gari moja, ilhali kizazi kimoja na kingine vinatofautiana kama vile vimetoka viwanda viwili.

GTI ya kizazi cha tano ina injini ya lita 2.0 yenye mkanda wa taiming. Ni injini ngumu. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye kikombe kidogo cha chuma kilicho kati ya kamshafti na pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Kikombe hicho kinalika. Ni spea ya bei ndogo, na kukikagua ni kazi ya muda mfupi, lakini kikitoboka kinaharibu kamshafti na pampu kwa pamoja. Mkanda nao ukiwa hauna rekodi, ubadilishwe siku gari linapofika, pamoja na pampu ya maji.

Kizazi cha sita kilileta injini ya cheni, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho. Kikaza-cheni cha awali kina ubovu unaojulikana duniani. Marekani suala hili lilifika mahakamani. Kikiachia, cheni inaruka meno, valvu zinagonga pistoni, na injini imekwisha. Kuanzia 2012 hivi magari yalianza kutoka na kikaza kilichorekebishwa. Fundi anayeijua injini hii haridhiki na mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Kwenye kifuniko cha chini cha cheni kuna kizibo kidogo. Anakitoa, anamulika ndani, anatazama ni kikaza cha aina gani na kimetoka kiasi gani.

Nilimsindikiza jamaa kwenda kutazama gari la namna hiyo, tukiwa na fundi mtu mzima wa Ilala. Muuzaji alikuwa ameshaliwasha, linanguruma vizuri. "Bosi, sikiliza lilivyotulia," akasema. Fundi hakusikiliza. Aliweka kiganja juu ya injini, akakitoa haraka. "Zima, kaka. Tutakuja kesho asubuhi, likiwa limelala usiku mzima." Kesho yake, lilipowashwa likiwa la baridi, mlio mkavu wa chuma ulisikika upande wa cheni kwa sekunde mbili tatu, kisha ukapotea. Mtu aliyelikuta la moto asingeusikia kamwe. Jamaa alirudi na pesa zake.

Kizazi cha saba kilirekebisha mengi. Injini yake ya lita 2.0 ni bora kuliko ya sita kwa mbali, ingawa nyumba ya pampu ya maji na thamosta ni ya plastiki na huvuja ikishapitia joto miaka kadhaa. Ukiona gari linapunguza maji ya rejeta na chini hakuna tone, mulika hapo kwanza.

Mtego mkubwa zaidi haumo kwenye Golf GTI zenyewe. Upo kwenye Golf na Polo zinazofanana nazo kwa macho na zinauzwa bei rahisi: zenye injini ya lita 1.4 yenye turbo na supachaja pamoja. Injini hiyo ilitunukiwa tuzo ya injini bora ya mwaka duniani 2009, na ukiiendesha unaelewa kwa nini. Lakini matoleo yake mengi yamesumbua kwa kula oili, kupasuka pistoni na kurefuka kwa cheni. Polo GTI iliyotoka 2010 inayo, ikiwa na nguvu 180, mpaka ilipobadilishiwa injini ya lita 1.8 miaka michache baadaye. Mara nyingi injini hiyo imefungwa na giaboksi ya otomatiki ya DSG ya gia saba yenye klachi kavu. Klachi kavu haiogi kwenye oili ya kuipoza. Ipeleke kwenye foleni ya barabara ya Mandela au ya Thika, gari likisogea mita tano na kusimama kwa saa nzima, uone joto linavyopanda. Kitengo chake cha kompyuta na oili, kinachoamuru gia, nacho kimeharibikia watu wengi. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari karibu 384,000 nchini China kwa ajili ya giaboksi hii. GTI za kizazi cha tano, cha sita na za mwanzo za saba zina DSG ya gia sita yenye klachi zinazoogeshwa oili, ambayo ni imara zaidi, kwa sharti moja: oili yake na filta vibadilishwe kila kilomita 60,000, na oili iwe ya DSG. Gereji inayomimina oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu "zote ni nyekundu" inaliua gari la mtu.

Nikiulizwa ni nini kinachoziua hachibaki hizi huku kwetu, nitataja oili kabla ya jambo lolote. Gereji nyingi zimezoea 20W-50, nzito, inayofaa injini za zamani za malori na daladala. Kikaza-cheni kinafanya kazi kwa shinikizo la oili. Turbo inazunguka juu ya tabaka jembamba la oili. Njia za ndani ni finyu. Volkswagen imeandika viwango vyake kwenye kitabu cha gari, na oili ya 5W-40 yenye kiwango hicho inapatikana mijini. Kiwanda kinaruhusu kilomita 15,000 kabla ya kumwaga. Kwa vumbi na foleni zetu, mimi ningemwaga kila 7,000. Na kwa kuwa injini nyingi za aina hii hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za kuingizia hewa haziogeshwi na mafuta. Masizi hujikusanya juu yake, gari likaanza kutetemeka asubuhi na kupoteza nguvu. Kuna mafundi wanaoyasafisha kwa kupuliza unga wa maganda ya jozi. Hiyo ihesabiwe kama huduma ya kawaida, wala mtu asiambiwe injini imekufa.

Petroli pia. Kwenye kifuniko cha tangi la Golf kumeandikwa okteni inayotakiwa. Japani magari haya hunyweshwa petroli ya daraja la juu, na Swift Sport vilevile. Injini ya turbo ikipewa petroli dhaifu, kompyuta yake inapunguza nguvu ili kuilinda. Mnunuzi aliyelipia nguvu 220 anaendesha pungufu bila kujua. Kama gari limechezewa kompyuta ili liongeze mbio, kinga hiyo huenda imepunguzwa, na hapo pistoni zinalipa. Gari lililochezewa silinunui, hata muuzaji akiniongezea rimu nzuri.

Subaru WRX STI ya mlango wa nyuma inapendwa Nairobi kwa sababu za haki: inavuta magurudumu yote manne, na mafundi wake ni wengi. Toleo la Japani la lita 2.0, lenye nguvu 308, ni la kutafutwa kuliko lile la lita 2.5, ambalo pistoni zake ni dhaifu kwenye kingo za ringi. Mazdaspeed Axela ina lita 2.3 na nguvu 264, zote zikipelekwa magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukikanyaga kwa nguvu usukani unakuvuta mikono. Tena ni ya gia za mkono tu. Civic Type R ni gari zuri mno, na bei yake inaiondoa kwenye mjadala wa watu wengi. GR Yaris wengi wameipenda kwa sababu ya Safari Rally, ambako Toyota ilishinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025. Injini yake ya silinda tatu ni kazi ya kihandisi ya kusifiwa. Ila ina milango miwili ya abiria na buti la lita 174. Ukipakia begi mbili kubwa, umemaliza.

Hapo tumefika kwenye matumizi ya kila siku, na jambo linalosahaulika zaidi ni tairi. Golf GTI ya kizazi cha saba mara nyingi huja na rimu za inchi 18 na tairi 225/40. Pembeni mwa tairi hiyo mpira ni sentimita 9 tu. Shimo moja la usiku baada ya mvua linapinda rimu na kupasua tairi kwa mpigo, na magari mengi kutoka Japani hayana tairi la akiba. Chini ya zulia la buti kuna chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi haizibi tairi lililopasuka ubavuni. Anayesafiri mikoani atafute rimu za inchi 17 au hata 16 zinazopita juu ya breki zake, na tairi la akiba, hata kama litakula nafasi ya mizigo. Matuta yasiyo na kipimo nayo yanagonga ngao ya chini, na gari lililoshushwa zaidi kwa springi fupi halifai barabara ya mtaani iliyokwanguliwa na mvua.

Nafasi yenyewe, Golf inashinda. Buti lake ni lita 380, viti vya nyuma vinalala, na kiti cha mtoto kinafungwa vizuri. Swift ina lita 265, na watu wazima watatu nyuma hawatakushukuru wakifika Dodoma. Matumizi ya mafuta yanakaribiana kuliko wengi wanavyodhani: kwa vipimo vya Japani yote mawili ni kama kilomita 16 kwa lita. Foleni itapunguza sana namba hiyo kwa yote mawili. Na usishangae redio ikikataa nusu ya stesheni, kwani masafa ya Japani yanaishia chini ya yetu; hilo linatatuliwa kwa kifaa cha bei nafuu.

Ushuru na sheria za kuingiza magari vina sauti yake kwenye uchaguzi huu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Golf za kizazi cha tano na sita zilizoko huko zimeshapita mikono kadhaa ya wenyeji. Cha kutafuta ni rekodi ya mmiliki wa hapo hapo. Tanzania inaruhusu gari kuukuu lakini inalitoza uchakavu, na ushuru wa bidhaa hupanda injini inapovuka sisi 2,000. Golf GTI ina sisi 1,984, imekaa chini ya mstari. Mazdaspeed na Impreza ya lita 2.5 zinauvuka.

Kwa anayeagiza mwenyewe, karatasi ya mnada ina thamani kuliko picha ishirini. Ina alama ya jumla, kwa mfano 4 au 4.5, na herufi ya hali ya ndani. Alama R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mtu wa kuitafsiri apatikane nje ya kampuni inayokuuzia. Ukiona gari la gia za mkono lenye alama 4, kilomita chache, na bei ya chini kuliko wenzake, uliza kwa nini halikununuliwa na Wajapani wenyewe.

Kwa mtu wa Dar au Nairobi mwenye familia, mwenye fundi wa Volkswagen aliyekwisha kumjaribu kwa kazi ndogo, na mwenye akiba ya pembeni inayotosha seti ya tairi, huduma ya giaboksi na nyumba ya pampu ya maji kwa mwaka mmoja, Golf GTI ya kizazi cha saba ndilo gari bora kwenye orodha hii. Akiba hiyo ikikosekana, ashuke kwenye Swift Sport ya turbo, achague ya gia za mkono au ile otomatiki ya gia sita, na asijione amepungukiwa. Mtu wa Songea, Kigoma au Lodwar, ambaye kompyuta ya karibu ya kupimia gari la Kijerumani iko safari ya siku nzima, namwambia Swift bila kusita. Na aliyekuwa amepiga hesabu ya Polo GTI ya lita 1.4 kwa sababu pesa zake zinaishia hapo hapo, asubiri mwaka mmoja zaidi.